Dakika Tatu Nje ya Doa

2 Mei

Mjomba,

Najua huvumilii salamu ndefu, basi nakupa fupi: mama hajambo ila magoti, na anauliza kama soksi zimefika. Mimi mzima. Sasa nisikilize.

Tumeupata. Tarehe kumi na tisa Aprili, baada ya miaka miwili ya kutazama mstari uliolala kama maiti, setilaiti yetu imeona mlipuko wa mionzi ya gama. Mstari ulikuwa chini, ukapaa kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukashuka, ukapanda tena nusu yake, ukazima. Sekunde kumi na tisa kwa jumla. Kuna nyota imekufa huko mbali kabla dunia hii haijapata mtu wa kuuliza chochote, na mwanga wake wa mwisho umekuja kugonga kijisanduku chetu kisichozidi kasha la viatu. Nilipiga meza hadi kikombe kikaanguka. Bwana Utepe akatoka ofisini kuuliza ni nani ameumia.

Huyo ndiye mkurugenzi wetu mpya. Jina tumempa wenyewe, kwa sababu tangu aje amekata utepe mara sita. Mara ya mwisho ulikuwa wa mlango wa choo.

Hali yetu unaijua. Baraza la chuo linakaa tarehe ishirini na nane Juni kuamua kama setilaiti izimwe. Utepe anataka izimwe ili chumba chetu cha uendeshaji kiwe ukumbi wa maonyesho, na kitakachoonyeshwa humo, Mjomba, ni mfano wa plastiki wa setilaiti hiyo hiyo. Baraza limesema tukileta mlipuko mmoja uliothibitishwa kabla ya siku hiyo, tutaendelea. Mmoja tu. Setilaiti kubwa za wenzetu zilikuwa upande wa pili wa dunia, hazikuona kitu. Ushahidi ni wetu peke yetu, na kanuni uliyoiandika wewe inadai saini mbili: ya mwendeshaji, ambaye ni mimi, na ya aliyelitengeneza jicho la setilaiti, ambaye ni wewe.

Fomu na mchoro vimo ndani ya bahasha. Tia saini, rudisha. Ungekuwa mtu wa kupokea simu ningekupigia kelele sikioni.

Mpwa wako


13 Mei

Mpwa wangu,

Soksi zimefika. Zimefumwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili ya kushoto. Mwambie mama yako nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kalamu. Maiti, nyota inayokufa, kikombe. Mtu wa sayansi hapigi meza, anapiga hesabu. Wewe umenipa sekunde, umenipa umbo, ukanipa hata habari za choo cha mkurugenzi, lakini hukunipa kitu kimoja ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza nacho. Setilaiti ilikuwa juu ya wapi?

Nakueleza kama mgeni kwa kuwa umeandika kama mgeni. Iko sehemu ya dunia ambapo ngao ya sumaku imelegea, na vumbi la mionzi hushuka hadi kwenye njia ya setilaiti. Ndiyo tunayoiita Doa. Jicho likiwa wazi humo huona milipuko elfu ya uongo, na umeme wake mkubwa huuchoma polepole mrija wa kusoma mwanga ulio nyuma ya fuwele inayonasa mionzi. Kwa hiyo nilichora kwa mkono wangu jedwali la kulifumba kila linapofika ukingo wa magharibi na kulifumbua likitoka ukingo wa mashariki. Jicho lile nililijenga juu ya meza hii ninayoandikia, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, nikalipeleka kwenu ndani ya bati la biskuti. Halikuwa na kosa. Mlioliharibia sifa ni nyinyi.

Utepe wako simjui, lakini baraza nalijua. Ndilo lililofunga kituo chetu cha kwanza miaka thelathini na moja iliyopita na kututoa nje na masanduku yetu, kwa maelezo kwamba hatukuwa tumegundua kitu. Wazee wale wamekufa, viti vyao havijafa. Mtu akikalia kile kiti tu, akili hushuka yenyewe.

Kuhusu zile kelele za data ulizoniandikia mwaka jana, tulishazimaliza. Nyaya ni nyaya. Tusizifufue.

Niletee mahali. Bila mahali sitii saini hata kwenye kadi ya harusi yako, ambayo nayo naona inachelewa.

Mjomba wako


22 Mei

Mjomba,

Harusi itakuja siku nitakapompata mwanamume asiyefanana na wewe, na katika ukoo huu hilo ni gumu.

Mahali si jambo kubwa. Namba za obiti zimo nyuma ya mchoro, ukitaka tazama. La msingi ni umbo. Chembe za Doa hupanda na kushuka kwa dakika nzima, kama mtu anayeamka na homa. Huu ulipanda kama kofi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutofautisha.

Nimempeleka Utepe mchoro. Nakuandikia mazungumzo yalivyokwenda, ujue ninafanya kazi na nani.

"Mlipuko huu umetokea wapi?"

"Mbali sana, Mheshimiwa. Mwanga wake umesafiri mabilioni ya miaka."

"Mabilioni? Kumbe si habari mpya."

"Kwetu ni mpya."

"Binti, mimi magazeti siwezi kuyaita kwa jambo la kale. Na hao wenye setilaiti kubwa, wanasemaje?"

"Hawakuona. Dunia iliwakinga."

"Basi unaona." Akafunga faili kama mtu aliyeshinda kesi.

Kelele umezitaja wewe, sasa nami nitazitaja. Hazikwisha. Kila tunapokaribia Doa, dakika tatu kabla ya jicho kufumbwa, hesabu za chembe zinapanda. Ulisema ni nyaya za ardhini, nami nikasema hivyo hivyo kwenye kikao, na Desemba wakamfukuza fundi wa antena. Unamkumbuka Koleo, nilikutumia picha yake juu ya mnara. Alikuwa akifunga waya kwa uangalifu wa mama anayesuka nywele za bintiye. Ana miezi mitano nyumbani sasa. Nyaya zote nimezibadilisha mwenyewe, nimelala chali chini ya meza na tochi mdomoni, na kelele ziko pale pale. Nimeacha kujiuliza.

Zimebaki siku thelathini na saba. Tia saini, Mjomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Mpwa wako


1 Juni

Mpwa wangu,

Nilidhani umesahau kuniambia mahali. Hukusahau, ulikwepa.

Namba za obiti nimezichukua na nimepiga hesabu kwa mkono, kurasa tatu, bila mashine. Sekunde ile mlipuko wako ulipotokea, setilaiti ilikuwa bado ndani ya Doa, imebakiza dakika moja na nusu kufika ukingo wa mashariki. Kwa jedwali langu, jicho lilikuwa limefumbwa. Jicho lililofumbwa halioni. Kwa hiyo mambo ni mawili: ama mchoro huu umeutunga, ama jedwali langu umelichezea. La kwanza ni wizi, la pili ni ujinga, na sijui lipi linanipendeza kidogo.

Nilikuacha hapo ukiwa na miaka mitano, unahesabu vigae vya sakafu. Nikadhani katika nyumba ile yupo mmoja aliyezaliwa na kichwa. Sasa naona nawe umekuwa kama hao wengine wa chumba kile: mnataka jibu kwanza, kisha mnatafuta njia ya kulifikia. Nchi nzima inaendeshwa hivyo, kwa nini setilaiti isalimike?

Umbo lako la kofi halinitishi. Humo ndani ya Doa elektroni zinaweza kuigiza lolote, hata mwanasayansi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fomu yako nairudisha. Ule mstari mwekundu ni wangu.

Mjomba wako


9 Juni

Mjomba,

Sikutunga. Nililichezea.

Februari, bila kumwambia mtu, nilibadilisha amri moja: jicho lifumbuliwe dakika tatu mapema upande wa kutokea. Nilifanya hivyo kwa sababu kila mara lilipofumbuliwa kwa saa yako, hesabu zilikuwa safi tangu nukta ya kwanza. Hazikuwa zikishuka kama ambavyo zingeshuka tukitoka kwenye uchafu. Nikasema, huenda tunafumba macho barazani tukidhani bado tuko chooni. Nikajaribu. Dakika zote tatu zilikuwa safi. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaniandikia barua kama uliyoniandikia.

Sasa nikwambie ilichonifanyia barua hiyo. Nililia nusu saa, kisha nikaenda maktaba ya chuo, vyumba vya chini, vitabu vinakopelekwa kustaafu. Nilitaka kujua jedwali lako limetoka wapi. Nimelikuta katika kitabu cha vipimo. Namba ni zako zote, mpaka kosa la mpiga chapa katika safu ya nne, ambapo sita imegeuka tisa. Hilo nalo umelinakili. Kitabu kina miaka thelathini na minne.

Doa halikai mahali pamoja, Mjomba. Linasogea kwenda magharibi, theluthi moja ya digrii kila mwaka. Kijana yeyote wa mwaka wa pili hapa analijua hilo. Miaka thelathini na minne ni digrii kumi na moja hivi, na setilaiti yetu hukimbia takriban digrii nne kwa dakika. Piga hesabu, wewe usiyepiga meza. Ni dakika tatu kasoro kidogo.

Tena sisi hutoka magharibi kwenda mashariki. Maana yake kwa miaka miwili tumekuwa tukiingia kwenye Doa la kweli jicho likiwa wazi dakika tatu nzima, kisha tukitoka tunaendelea kulifumba dakika tatu katika anga safi. Zile kelele hazikuwa nyaya. Lilikuwa Doa lenyewe linabisha hodi, nasi tukamfukuza fundi.

Guu limevunjika kweli, ila ni la mkuu. Unaishi juu ya duka la miwani. Shuka ngazi.

Nimemaliza matusi. Hukujua, na mtu hukosea. Ulipoondoka hilo jedwali lilikuwa halijachakaa sana, na huko uliko hakuna aliyekuambia. Liandikie Baraza mstari mmoja tu: jedwali lilikuwa la zamani, zile dakika tatu ziko nje ya Doa, mlipuko ni wa kweli. Naambatanisha fomu mpya. Nimeituma kwa posta ya haraka. Tarehe ishirini na nane wanazima.

Mpwa wako


12 Juni

Kwako Mzee wetu mtukufu, hazina ya vizazi,

Kwa niaba yangu mimi mwenyewe na ofisi ninayoiongoza, napenda kukufikishia shukrani zisizo na kifani. Nimearifiwa na mpwa wako, kwa huzuni yake, kwamba umekataa kutia saini lile tukio linalodaiwa kuwa mlipuko. Uamuzi wako wa busara umeturahisishia kazi kubwa. Palipo na wazee haliharibiki jambo.

Kama unavyojua, chumba cha uendeshaji kitageuzwa kuwa ukumbi wa maonyesho mara tu Baraza litakapopitisha. Katikati tutaweka mfano wa setilaiti ulio mkubwa mara kumi kuliko ile ya kweli, ambayo kwa hakika ni ndogo mno kuwavutia wageni. Pembeni yake litakuwapo kabati la kioo kwa heshima yako. Tungeomba lile bati la biskuti linalosimuliwa, vifaa vyako vya mkono, na picha yako ya ujana, kwa kuwa za sasa huenda zisipendeze ukutani.

Kuhusu mpwa wako usiwe na shaka. Tutamtafutia nafasi ya kuwaeleza wageni jinsi mfano unavyofanya kazi. Ana sauti nzuri.

Utepe utakuwa wa rangi ya samawati. Ikiwa afya yako itaruhusu, tungefurahi uushike upande mmoja.

Wako katika maendeleo,

Mkurugenzi


22 Juni

Kwa Baraza la Chuo. Nakala kwa mwendeshaji wa setilaiti.

Sitawasalimu. Mara ya mwisho tulipoonana mlinipa dakika kumi za kufungasha.

Mlipuko wa tarehe kumi na tisa Aprili ni wa kweli. Ulitokea setilaiti ikiwa imekwisha toka kwenye Doa. Mwendeshaji ameeleza sababu kwa usahihi, na hesabu zake nimezirudia, hazina kosa. Fomu yenye saini yangu imo humu.

Hapo ningeweza kuishia, na yeye ndivyo alivyoniomba. Ameniachia mlango wazi: anaamini sikujua. Ni binti mwenye adabu kuliko anavyoandika. Lakini nikipita mlango huo, mtasema mlipuko umethibitishwa na mzee aliyepitwa na wakati, na kesho mtauliza alipitwa na mangapi mengine. Bora mjue mnayemsoma ni mtu wa namna gani.

Mwaka jana, Septemba, mwendeshaji aliniarifu kwamba kelele hupanda dakika tatu kabla ya kuingia Doa. Nilimjibu siku ile ile kwamba nyaya za ardhini ni mbovu. Siku ile niliamini, kwa kuwa nilikuwa tayari kuamini lolote baya kuhusu kazi inayofanyika kwenu. Oktoba nilikwenda kusoma vipimo vipya vya Doa, kwa nia hasa ya kuwacheka waliovipima. Nikakuta limehama. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama mbele ya rafu ya maktaba, na kabla sijafika mwisho nilijua jibu litakuwa dakika tatu.

Sikuandika. Novemba sikuandika. Desemba niliarifiwa kwamba fundi wa antena amefukuzwa kwa nyaya zake, nami nilijua nyaya zake hazina kosa. Sikuandika. Mwezi huu, tarehe mosi, nilipopiga mstari mwekundu juu ya fomu ya mpwa wangu na kumwita mwizi au mjinga achague, nilijua vilevile.

Mtataka sababu. Lile jicho nililijenga ili mlione. Kwa miaka ishirini na tisa katika mji huu nimetengeneza vipima damu vya hospitali, na kila jioni nilirudi mezani kwangu kuwathibitishia watu ambao hawakuwa wakinikumbuka kwamba walikosea kunifukuza. Namba za jedwali lile nilizitoa kwenye kituo cha kwanza, nimeziandika kwa penseli katika daftari, siku zile zile nilipokuwa nafungasha. Sikuwahi kuzikagua. Ningezikaguaje? Zilikuwa za wakati ambao mimi ndiye niliyejua na nyinyi ndio msiojua. Nilipogundua zimekufa, niliona ni heri mumfukuze fundi kuliko mnicheke.

Nimewadharau miaka thelathini na moja, na mlistahili mingi kati yake. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeliharibu jicho lile. Nililiharibu peke yangu.

Fundi arudishwe kazini. Setilaiti isizimwe. Mkurugenzi wenu ameniomba kitu cha kutundika ukutani. Namletea barua hii. Kabati la kioo aingie mwenyewe.

Mtengenezaji wa jicho


30 Juni

Mjomba,

Barua yako ilifika asubuhi ya kikao. Utepe alitaka isisomwe, akasema ina lugha isiyofaa. Mwenyekiti ni bibi mmoja wa hisabati, mfupi, anavaa viatu vya mpira. Akamwambia katibu, "Soma yote, na usiruke matusi." Ikasomwa. Pale pa kabati la kioo watu wawili walikohoa kwa pamoja, na Utepe akaanza kuandika kitu ambacho mpaka leo hajasema ni nini.

Mlipuko umekubaliwa. Setilaiti inaendelea maadamu jicho lina uhai. Koleo ameandikiwa arudi. Mjumbe mmoja aliuliza kama jina lako libaki kwenye taarifa ya mlipuko, bibi akajibu, "Libaki, na kosa lake libaki pembeni yake." Nimepata nilichokuomba, na zaidi ya nilichokuomba.

Sasa nikusemeshe mimi.

Ulijua. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza ile, tochi mdomoni, vumbi la miaka linaniingia machoni, nabadilisha waya mmoja baada ya mwingine, na wewe ulijua. Nilikwenda nyumbani kwa Koleo kumpa pole. Mkewe hakunikaribisha kiti. Nikarudi nikakuandikia, nawe ukanijibu kuhusu hali ya hewa, na ulijua. Mwezi huu umeniuliza kama ni mwizi au mjinga.

Nimepata jibu la hilo swali. Data yetu huhifadhiwa ndani ya setilaiti kwanza, inakuja kutufikia baadaye. Nyaya zilizo ardhini zingejuaje kwamba setilaiti imekaribia Doa? Mtoto wa shule angeuliza hivyo. Mimi sikuuliza, na Baraza zima halikuuliza, kwa sababu jibu lilitoka kwako. Ujinga wangu ni huo, nimeutambua, na hautarudi.

Kuna jambo jingine, ulijue kwa namba kwa kuwa ndiyo lugha unayoiheshimu. Dakika tatu, mara sita kwa siku, miaka miwili. Ni saa mia mbili na kumi na tisa mrija umechomwa bure. Mrija unapoteza nguvu. Labda jicho litaona hadi mwisho wa mwaka, labda lisifike.

Upande wa kuingilia haujarekebishwa. Linahitajika jedwali jipya, na kanuni yako inasema mtengenezaji ndiye anayechora. Utachora, au hutachora?

Mwendeshaji


11 Julai

Kwa Mwendeshaji,

Sitachora. Chora wewe. Mimi sijui Doa liko wapi.

Kanuni ile naifuta, barua hii iwe ushahidi. Iliandikwa na mtu aliyetaka kuulizwa.

Usinisamehe haraka. Mama yako ana tabia hiyo, na ndiyo iliyomharibia kaka. Nilipokuwa mdogo nilivunja, yeye akafagia, na tazama alichokifuga. Wewe endelea na hasira kwa muda, inakupa mwandiko mzuri. Barua yako ya mwisho haikuwa na maiti hata mmoja.

Saa zako mia mbili na kumi na tisa nimezihakiki. Ni sahihi. Nilitamani zisiwe.

Fundi nimemwandikia.

Mjomba wako, kama hicho bado ni cheo


24 Julai

Mzee,

Barua yako nimeipata. Ni kurasa nne. Radhi ilikuwa ukurasa wa tatu, chini, baada ya kunieleza mambo ya sumaku. Nimekutafutia kisingizio nikakosa.

Miezi saba nilikuwa nafunga kengele za milango kwenye nyumba za watu. Kila mteja aliuliza, fundi wa setilaiti unafanya nini huku? Mwanzoni nilijibu kwamba nimeonewa. Baadaye nikawa najibu kwamba mkono wangu umeharibika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini. Kengele moja naifunga mara tatu. Hilo katika kurasa zako nne hukuliandika, kwa hiyo nakuandikia mimi.

Nimerudi kazini Jumatatu. Nyaya alizoziweka mpwa wako nimezitoa zote. Ni msomi mzuri, lakini anafunga waya kama anayefunga mbuzi. Nimezirudisha zangu za zamani. Hakuwa amezitupa, zilikuwa kwenye ndoo nyuma ya mlango.

Jedwali lake tumelipandisha leo saa nne asubuhi. Tangu hapo setilaiti imepita Doa mara mbili, kuingia na kutoka. Kelele hakuna. Nyaya ni zile zile.

Usiniandikie tena.

Fundi wa antena